Hiyo `s` ni nini? Jibu kuhusu majina ya vigeu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miezi minane tangu nianze kazi kwenye ofisi ndogo inayotengeneza programu. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe, kwanza kwa simu, baadaye kwa kompyuta ya kuazima. Sasa tunatengeneza mfumo wa chama cha akiba na mikopo, kwa Python. Wiki iliyopita kiongozi wangu alinirudishia kazi yote na neno moja tu: "Majina." Lakini programu inafanya kazi, nimeijaribu mara nyingi. Naomba kujua: mtindo sahihi wa kuyapanga majina ya vigeu ni upi? Niandike Kiswahili au Kiingereza, maana mimi nachanganya? Na kama kompyuta inaelewa, kuna haja gani ya kuhangaika? Nakuwekea kipande kimoja ukione.

    def hesabu(d, r, s):
        x = d * r * s
        return d + x

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililobeba mengine. Kompyuta haijali. Ungeweza kuviita vigeu vyako vyote `mbuzi1` mpaka `mbuzi40` na programu ingekwenda vilevile. Jina la kigeu, au variabo kama tunavyosema ofisini, yaani jina tunalolipa thamani fulani ndani ya programu, anaandikiwa mtu. Na mara nyingi mtu huyo ni wewe mwenyewe miezi sita ijayo, umepigiwa simu saa tatu usiku, mhasibu analalamika kwamba vitabu havilingani.

Kipande chako nimekisoma mara tatu. `d` nikadhani ni deni, halafu nikadhani ni dau. `r` nikasema hii ni riba, haina ubishi. `s` imenishinda, nikakisia tu kuwa ni miezi. Basi tuchukue mfano wa kawaida: mwanachama kakopa shilingi 2,000,000, riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, muda ni miezi 12. Jibu linalotakiwa ni 2,360,000. Lakini fanksheni yako, yaani hicho kipande ulichokiita `hesabu`, haimwambii anayeitumia kama `r` iandikwe 0.015 au 1.5. Mwenzako akiandika 1.5, na ndivyo karani wa mikopo anavyotamka, mwanachama anakuta anadaiwa 38,000,000. Akipatia `r` lakini akadhani `s` ni siku, akaandika 365, deni linakuwa 12,950,000. Katika hali zote hizo hakuna ujumbe mwekundu wa kosa utakaotokea kwenye skrini. Kompyuta imezidisha sawasawa kabisa. Ulisema umeijaribu mara nyingi, nami nakuamini, kwa sababu uliyeijaribu ni wewe unayejua `s` ni nini.

Ningeiandika hivi:

    def deni_lote_sh(mkopo_sh, riba_asilimia_mwezi, miezi):
        riba_sh = mkopo_sh * riba_asilimia_mwezi / 100 * miezi
        return mkopo_sh + riba_sh

Angalia neno `riba` limejitokeza kwenye majina mawili. Kwa Kiswahili chetu riba ni kiwango ("riba yao ni asilimia moja na nusu") na riba ni fedha yenyewe ("nimelipa riba laki tatu na sitini"). Mdomoni hatuchanganyikiwi, maana sentensi inatuongoza. Kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu, hakuna sentensi ya kukuongoza, kuna jina tu. Kwa hiyo jina moja nimeliwekea `_sh` na jingine `_asilimia_mwezi`. Na jina la fanksheni limebadilika pia: `hesabu` halisemi kitu, kila fanksheni ndani ya mfumo wa mikopo inafanya hesabu.

Kipimo changu ni kimoja tu, na nimekitumia kwa zaidi ya miaka kumi na mitano: jina libebe kile ambacho msomaji hawezi kukiona akiwa pale alipo. Anachokiona tayari, usimrudie. Mitindo mingine yote utakayosoma, ukiichunguza, inazunguka hapo, au basi ni desturi ya nyumba fulani tu.

Ndiyo maana sikatazi herufi moja moja. Kitanzi (amri zinazorudiwa-rudiwa) cha mistari miwili chenye `i` hakina tatizo, kwa sababu kigeu kinazaliwa na kufa mbele ya macho ya msomaji. Ukiona `i` unajua ni namba ya hesabu ya mzunguko. Mazoea hayo ni ya zamani. Kwenye FORTRAN, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957, kigeu ambacho jina lake lilianza na herufi yoyote kuanzia I hadi N kilihesabiwa kuwa namba kamili, na herufi nyingine zote zikawa za namba zenye desimali. Waandishi wakashika I, J na K kwa vitanzi, kama wanahisabati walivyokuwa wakizitumia kwa fahirisi, na sisi tumerithi bila kuuliza. Jina zima halikuruhusiwa kuzidi herufi sita. Mashine ya IBM 704 ilikuwa na neno la biti 36, na herufi moja ilikula biti sita, hesabu ni rahisi. Hata lugha ya C, kwa kiwango chake cha mwaka 1989, ilikuhakikishia herufi sita tu za mwanzo kwa majina yanayovuka kutoka faili moja hadi jingine. Ukijiuliza kwa nini fanksheni ya kunakili maandishi inaitwa `strcpy`, sababu mojawapo ndiyo hiyo. Wazee wale walikuwa wanabana herufi kwa sababu walibanwa. Wewe hubanwi na mtu.

Lakini kigeu kinachosafiri ni habari nyingine. `s` yako ingekuwa ndani ya kitanzi kifupi nisingekusumbua. Imekaa kwenye mlango wa fanksheni, ambapo mtu wa faili jingine anakuja kubisha hodi. Umbali kati ya pale jina lilipozaliwa na pale linaposomwa ndio unaoamua urefu wake.

Nikuambie kilichonifundisha hili, na aibu yake ni yangu. Miaka kadhaa nyuma niliandika sehemu ya mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya mikoani, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Nilikuwa na kigeu kinaitwa `saa`. Kwenye fomu karani aliandika 12, kwa sababu basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mwenzangu aliyeandika sehemu ya ujumbe wa simu akakuta `saa` ina 12, akaipeleka kama ilivyo: "Basi lako linaondoka 12:00." Wapo abiria waliotambua wenyewe, kwa sababu wamezoea. Watatu hawakutambua. Walifika stendi saa sita mchana na mabegi yao, basi lilishapita Morogoro kitambo. Mmoja wao alikuwa anawahi msiba.

Tuliulizana nani kakosea, na jibu la kweli ni kwamba neno `saa` peke yake halitoshi kwenye msimbo wa Afrika Mashariki. Ni saa ya Kiswahili au ya mzunguko wa 24? Ni saa ya kuondoka au muda wa safari? "Saa nane" ni wakati na ni muda vilevile. Siku hizi kwangu kuna `saa_kiswahili` inayotoka kwenye fomu ikiwa imefuatana na `kipindi` (asubuhi, mchana, jioni, usiku), na kuna `saa_24_kuondoka` inayoingia kwenye hifadhidata, na kuna fanksheni moja tu inayoruhusiwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Muda wa safari unaitwa `safari_dakika`. Hakuna kigeu kinaitwa `saa` tupu. Kijana akiniletea, namrudishia, na pengine nami naandika neno moja tu kama kiongozi wako.

Kosa la namna hiyo limewahi kuangusha chombo cha anga. Mars Climate Orbiter ya NASA ilirushwa Desemba 1998 na ikapotea tarehe 23 Septemba 1999 ilipofika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ya ardhini ilitoa takwimu za msukumo wa injini ndogo kwa kipimo cha Kiingereza, yaani ratili za nguvu zilizozidishwa na sekunde, na programu iliyopokea ikazichukulia kuwa ni nyutoni zilizozidishwa na sekunde. Tofauti ni mara 4.45 hivi. Chombo kilichotakiwa kupita kilometa 226 juu ya sayari kilipita kwenye kilometa 57 hivi, ndani ya hewa yenyewe. Sitakudanganya kwamba jina lingekiokoa. Makubaliano ya maandishi yalitaka nyutoni, na kulikuwa na mapungufu mengine mengi ya usimamizi. Ila namba tupu inapita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho, na namba inayoitwa `msukumo_ratili_sekunde` ikiingizwa kwenye `msukumo_nyutoni_sekunde`, kuna mtu atakayekunja uso.

Kwa hiyo fedha, muda, uzito, umbali, asilimia: weka kipimo ndani ya jina. `uzito_kg`. `kuchelewa_siku`. `ada_sh`, na kama mfumo unashika senti, basi `ada_senti`, usiviweke viwili nyumba moja bila alama.

Hapa pana mtego mwingine, kwa sababu kuna watu walioipenda alama hiyo kupita kiasi. Charles Simonyi, mzaliwa wa Budapest aliyepitia maabara ya Xerox PARC kabla ya kujiunga na Microsoft mwaka 1981, alianzisha utaratibu wa kuweka kiambishi mbele ya jina kuonyesha kigeu ni cha jamii gani. Ukaitwa mtindo wa Kihungaria. Wazo lake la awali lilikuwa zuri: kwenye jedwali, namba ya mstari na namba ya safu zote ni namba kamili, lakini ukijumlisha moja kwa nyingine umefanya upuuzi, na kiambishi kinakuonyesha upuuzi huo. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna haja ya kufundishwa hili, maana ngeli zetu ndivyo zinavyofanya kazi: kabla hujafika kwenye shina la neno, kile kiambishi cha `ki-` au `vi-` kimeshakueleza unashughulika na kundi gani na ni kimoja au vingi.

Baadaye watu wakakigeuza kiambishi kuwa cha aina ya data (namba au maandishi), kitu ambacho lugha yenyewe inakijua. Ukaanza kukutana na `lpszName` na ndugu zake, ambapo herufi nne za mwanzo zinataja aina ya data tu. Tena kiambishi hicho huzeeka vibaya. Kwenye Windows kuna parameta maarufu iitwayo `wParam`, ambapo `w` ilimaanisha neno la biti 16. Windows ikahamia biti 32, kisha 64, na `wParam` nayo ikapanuka, ila jina limebaki na `w` yake mpaka leo, kwa sababu programu zisizohesabika zinalitegemea. Kwa hiyo usiandike `mkopo_int` wala `jina_str`. Aina ya data kompyuta inaijua, na kihariri chako, yaani programu unayoandikia msimbo, kinaionyesha. Kipimo hakuna anayekijua isipokuwa wewe.

Sasa mtindo wa herufi, swali lako la kwanza. Nitalipitia haraka kwa sababu jibu lake ni fupi: mgeni hafuati desturi za kwao, anafuata za mwenyeji. Python ina mwongozo wake, PEP 8, wa tangu mwaka 2001, na unasema vigeu na fanksheni ziandikwe kwa herufi ndogo na kistari cha chini, `mkopo_mpya`. Klasi zianze na herufi kubwa, `MkopoMpya`. Na vile visivyobadilika viwe herufi kubwa tupu, `KIWANGO_CHA_JUU_SH`. Huo wa kistari huitwa mtindo wa nyoka. Java na JavaScript hutumia mtindo wa ngamia, `mkopoMpya`, nundu katikati. Na upo wa tatu, `mkopo-mpya`, ambao wenzetu wanaufananisha na kebabu na mimi nauita mshikaki, vipande vimechomekwa kijitini. Huo utaukuta kwenye CSS na kwenye lugha za ukoo wa Lisp, na COBOL iliutumia tangu mwanzo. Kwenye Python usiujaribu, maana `mkopo-mpya` itasomwa kuwa mkopo kutoa mpya.

Mahali pachache herufi kubwa si urembo. Kwenye lugha ya Go, jina likianza na herufi kubwa linaonekana nje ya pakiti yake, likianza na ndogo limefungiwa ndani. Na kama hifadhidata yenu ni PostgreSQL, jua kwamba jina lisilowekwa kwenye alama za kunukuu linashushwa lote kuwa herufi ndogo: safu uliyoiita `TareheMkopo` utaikuta inaitwa `tarehemkopo`. Tumia nyoka huko na utalala usingizi. Watu hubishana sana ngamia na nyoka kipi kinasomeka upesi. Mimi macho yangu yanapenda nyoka, ila ubishi huo sijawahi kuona umeokoa shilingi ya mtu.

Lililonifanya nikujibu kwa kirefu ni hili la Kiswahili au Kiingereza.

Kiongozi wako ana haki ya kukasirika ukiandika `getMteja` kwenye faili moja na `pata_customer` kwenye jingine. Mchanganyiko wa namna hiyo unamlazimisha anayetafuta kitu akitafute mara mbili, na mara ya tatu kwa bahati mbaya. Lakini akikwambia Kiingereza ndicho cha kitaalamu na Kiswahili ni cha kitoto, hapo simuungi mkono. Uliza kwanza: maneno ya kazi hii yanasemwa kwa lugha gani na wenye kazi? Nenda kwenye chama chenu. Wanachama wana hisa, akiba na amana. Katika vyama nilivyofanya kazi navyo, akiba ndiyo dhamana ya mkopo na huichukui ukiwa bado mwanachama, wakati amana unaweka na kutoa. Mpe kijana mmoja atafsiri, ataandika `savings` na `deposits`. Mpe mwingine, ataandika `deposits` akimaanisha akiba na `contributions` akimaanisha hisa. Hakuna aliyekosea Kiingereza. Kila mmoja katafsiri peke yake usiku, na sasa msimbo una kamusi mbili zinazogombana, na katibu wa chama akiuliza "amana zimetoka ngapi" hakuna anayejua ni safu ipi. Neno la chama liache kama chama kinavyolitamka. `akiba_sh`, `amana_sh`, `hisa_idadi`, `mdhamini`, `rejesho`.

Kuna na faida ambayo wengi hawaioni mpaka waambiwe. Python ina majina yake yaliyokwisha kuwa na kazi, kama `sum`, `list`, `id`, `type`, `max`. Kijana akiandika `sum = 0` juu ya faili, Python inamkubalia kimya. Mistari mia baadaye anaita `sum(malipo)` na anaambiwa namba haiitiki kama fanksheni. Anayeandika `jumla = 0` na `orodha = []` hawezi kuingia shimo hilo. Halafu Kiswahili kinatanguliza kichwa cha maneno: jumla ya mikopo, jumla ya faini, jumla ya marejesho. Ukiviita `jumla_mikopo`, `jumla_faini`, `jumla_marejesho`, basi ukichapa "jum" kihariri kinakupangia jumla zote kwa pamoja. Viunganishi vya "ya" na "la" mimi huviacha, isipokuwa maana ikipotea.

Na vitenzi! Kwa kigeu cha ndiyo au hapana, Kiingereza kinahitaji `is` au `has` mbele. Sisi tuna neno moja lenye mtendaji, wakati na tendo: `mteja.amelipa`, `mkopo.umelipwa`, `risiti.imefutwa`. Nikisoma `if mkopo.umelipwa:` naisoma kama sentensi, hata hiyo `if` ya kigeni hainikwazi.

Ila Kiswahili nacho kina mashimo yake, na usipoyajua utatumbukia. La kwanza ni wingi. `for mkopo in mikopo` ni safi, `for mwanachama in wanachama` ni safi. Sasa andika ya risiti. Risiti moja, risiti mia, neno halibadiliki. Niliwahi kukuta hii, na aliyeiandika si mjinga:

    risiti = soma_risiti_za_leo()
    for risiti in risiti:
        chapisha(risiti)
    print("Idadi:", len(risiti))

Kitanzi kinakwenda vizuri, kila risiti inachapishwa, kwa sababu Python ilishaishika orodha kabla ya kuanza kuzunguka. Lakini kitanzi kikiisha, jina `risiti` halishiki tena orodha, linashika risiti ya mwisho. Na kwa kuwa kila risiti ilikuwa maandishi, idadi iliyotoka ilikuwa idadi ya herufi za risiti ya mwisho. Ofisi ile iliamini kwa siku mbili kwamba inatoa risiti 214 kwa siku. Maneno ya jamii hiyo ni mengi kwenye kazi za fedha: bei, faini, hisa, akaunti, namba, siku, ada. Dawa yake: `for risiti in risiti_zote`, au `orodha_risiti`. Wingi wa maneno hayo ukae kwenye neno la pili.

La pili ni ukanushi. Kiswahili kinakanusha ndani ya neno lenyewe, na ni kitamu kuandika `hajalipa`. Halafu siku moja unahitaji kinyume chake na unaandika `if not hajalipa`, na hapo kila anayesoma anasimama kuhesabu vidole. Kigeu kiwe cha kukubali siku zote, `amelipa`, na ukanushi uachie `not`. Angalia na nyakati: `amelipa` ni hali iliyopo sasa, `alilipa` ni tukio la siku fulani. Mtu aliyelipa Machi na hajalipa Aprili, kwake `alilipa` ni kweli na `amelipa` si kweli.

La tatu ni maneno yenye nyuso nyingi. `kodi` ni mfano wangu wa siku zote: kwenye mfumo mmoja wa nyumba za kupangisha niliikuta ikimaanisha pango la mpangaji, ikimaanisha ushuru wa serikali, na kwenye maelezo ya pembeni mwandishi aliitumia kwa maana ya msimbo wenyewe. `pango_sh` na `ushuru_sh` zikamaliza ugomvi. Na ukija kufanya kazi ya mnada wa mifugo, alama ya ng'ombe haikubaliki ndani ya jina, kwa hiyo kubalianeni mapema kuandika `ngombe`, msije mkakuta na `ng_ombe` kwenye faili la jirani.

Kama timu yenu ina mtu asiyejua Kiswahili, au mnategemea kuutoa msimbo hadharani duniani, andikeni Kiingereza, lakini fungueni faili moja lenye maneno ya chama na tafsiri mliyokubaliana, na asitafsiri mtu peke yake tena. Vyovyote mtakavyochagua, kiongozi wako akishaamua, fuata. Nyumba ina mwenyewe.

Kuhusu kazi iliyorudishwa, usianze kubadilisha majina kwa kutafuta na kufuta kwa mkono. Kihariri chako kina amri ya kubadilisha jina mahali pote, itumie. Ila haitagusa yaliyoandikwa ndani ya alama za kunukuu: majina ya safu za hifadhidata, funguo za JSON, maandishi ya ripoti. Hayo yapitie kwa macho. Na mabadiliko ya majina yapeleke peke yake, usiyachanganye na mabadiliko ya hesabu, ili mtu akikagua aone kwamba hakuna namba iliyoguswa. 

Ila niandikie tena unieleze hiyo `s`. Siku ingeeleweka, shilingi ingeeleweka. Mimi nimekisia miezi, na kwenye neno "miezi" sioni hiyo herufi inapotokea.